Kuiamsha Landrova ya Baba



Tangu Landrova kuukuu ya baba yetu ionekane tena barabarani, watu wengi hutusimamisha nje ya kanisa na kutuuliza tumeifanya nini. Wengine nao wana gari la namna hiyo, limelala chini ya mti, nyasi zimelifunika, na mzee mwenyewe yupo bado. Kwa ajili yao tumeona vema tuandike tuliyojifunza. Sisi ndugu watatu si mafundi: kaka yetu mkubwa ni mwalimu, mmoja ni mkulima, na dada yetu hushona nguo. Fundi alikuwa Baba. Ana umri wa miaka 84, na macho yake hayasomi tena namba za spana, lakini vidole vyake huzijua.

Kwanza tulieleze gari lenyewe. Landrova za kwanza zilionyeshwa huko Amsterdam mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijapita siku nyingi, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo huko Uingereza, na kwa sababu hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, ambayo haishiki kutu kama chuma. Jambo hili huwadanganya watu hata leo. Mtu hupita, huona bodi imesimama na rangi ya kijani ingalipo, naye husema, "Mbona gari zima hili!" Kumbe bodi imekaa juu ya chesisi ya chuma, na chesisi ndiyo inayoliwa. Tena pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, hiyo aluminiamu nayo hugeuka unga mweupe.

Yetu ni ya aina ya Series IIA, iliyotengenezwa tangu mwaka 1961 hadi 1971, ile ndefu iitwayo 109 kwa kuwa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Ilitengenezwa mwaka 1964. Baba alikuwa dereva katika shamba la mkonge, na wenye shamba walipouza magari yao makuukuu, alitoa akiba yake yote akainunua. Kwa miaka 5 aliitumia kubeba watu na mizigo kati ya Muheza na vijiji vya milimani, upande wa Amani. Mwezi Oktoba 1982 ikawekwa chini ya mwembe, nyuma ya jiko la Mama, na hapo ikakaa zaidi ya miaka 40. Sisi tuliambiwa tu kwamba bomba la breki lilipasuka mteremkoni. Mama alivunjika mkono siku ile, ukaunga vibaya, na mpaka leo haunyooki. Hatukuuliza zaidi. Watoto wa siku zile hawakuwa na desturi ya kuuliza.

Basi mwaka jana kaka yetu mkubwa alirudi nyumbani na betri mpya na kamba nene. Nia yake ilikuwa kuivuta Landrova kwa trekta la jirani mpaka injini iwake. Baba alikataa kabisa, na hili ndilo jambo la kwanza tunalopenda mlishike: gari lililolala miaka mingi halivutwi, wala stata haiguswi, kabla injini haijazungushwa taratibu kwa mkono. Pete za pistoni huwa zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukilazimisha, hukatika, na gharama huanzia hapo. Tulifungua plagi zote 4, tukamimina katika kila silinda mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya injini, tukaacha siku 9, huku kila jioni tukijaribu kidogo kwa ile handeli ya mbele. Siku ya tisa ikasogea upana wa vidole viwili. Baba alitabasamu kana kwamba amepewa mjukuu.

Tuseme neno moja kuhusu handeli, kwa maana vijana wa leo hawaijui. Kidole gumba kisizunguke mpini. Kiwekwe upande mmoja na vidole vingine. Injini ikipiga kinyume, handeli hurudi kwa nguvu, na gumba lililoshika upande wa pili huvunjika.

Hata ile betri mpya ilikuwa nusura ituletee hasara. Magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yalifungwa upande wa chanya kwenye bodi, si hasi kama magari ya sasa. Kaka yetu alikuwa ameshashika waya, Baba akamdaka mkono. Hakueleza kitu, akaelekeza kidole tu mahali waya ule ulipokuwa umefungwa zamani. Kabla hujaunganisha betri katika gari kuukuu, tazama kwanza ni upande gani ulioshikwa na bodi.

Kuhusu chesisi, Baba hawezi tena kulala chini ya gari, kwa hiyo aliketi kwenye kigoda na kutupa nyundo ndogo. Sisi tuligonga, yeye alisikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hujibu kama debe lililojaa unga. "Rudi nyuma kidogo. Hapo. Tia alama." Tulitia alama 7 kwa chokaa, na fundi wa kuchomelea alipokuja na kukwaruza, zote 7 zilikuwa zimeoza. Boriti ya nyuma, ambako tope hujikusanya, ilikatwa yote na kuwekwa nyingine. Kazi hiyo ilikula fedha kuliko zote, wala hatuna la kuongeza isipokuwa kwamba msipake rangi juu ya kutu ili kumfurahisha mzee. Atagonga.

Siku moja tulikaribia kuumizana. Tuliinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, tukavuta breki ya mkono, tukajiona tuko salama. Breki ya mkono ya Landrova haikai magurudumuni. Ina ngoma yake peke yake nyuma ya giaboksi, nayo hushika shafti inayokwenda kwenye difu ya nyuma. Gurudumu moja likiwa hewani, difu huliacha lizunguke, na lile lililobaki chini halishikwi na kitu. Gari likaanza kutembea. Baba alipiga kelele, "Mawe! Mawe!" na dada yetu akasukuma tofali chini ya tairi. Tangu siku hiyo hapana aliyefungua nati yoyote kabla mawe hayajawekwa mbele na nyuma ya kila gurudumu lililobaki chini.

Sasa tufike kwenye breki, ambako tulikaa miezi miwili.

Landrova yetu ina breki za ngoma katika magurudumu yote, na silinda ndogo 6: mbili katika kila gurudumu la mbele, moja moja nyuma. Zote hulishwa na masta silinda moja kwa mfululizo mmoja wa mabomba, kwa hiyo pakivuja mahali pamoja, breki zote hupotea. Mkifungua ngoma kuukuu msipulize lile vumbi. Breki za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu. Lowesheni kwa maji, mpanguse kwa kitambaa, mkizike.

Tulipoifungua silinda ya kwanza, vikombe vya mpira vilikuwa vimevimba hata havikutaka kutoka. Vilikuwa laini kama ndizi iliyoiva mno, navyo vilikuwa vyeusi kwa mafuta. Ya pili vilevile. Yafaa tueleze maana yake. Mafuta ya breki ni ya namna nyingine kabisa kuliko mafuta ya injini. Hutengenezwa yasidhuru mpira ule. Mafuta ya injini yakiingia, kikombe huvimba na kulainika, na mwisho hakizibi tena. Kaka yetu alijua hayo kutoka kitabuni, akakasirika. Alisema, "Baba, gereji ile ilikudhulumu. Waliweka mafuta ya injini kwenye breki zako."

Baba aliomba apewe kikombe kimoja. Akakibonyeza kati ya vidole kwa muda mrefu.

"Hakuna gereji," akasema. "Niliyatia mimi."

Wenye umri mnaikumbuka miaka ile baada ya vita vya Kagera, jinsi sabuni ilivyokuwa haba, sembuse vipuri vya magari. Baba alitafuta mafuta ya breki Muheza, akatafuta Tanga, asipate. Dereva mmoja akamwambia kwamba mafuta ya injini yatamfikisha mpaka yapatikane yale ya haki. Akatia nusu chupa. Breki zikashika vizuri siku 11. Siku ya kumi na mbili alikuwa anateremka na Mama pamoja na magunia ya iliki, na kwenye kona ya tatu kanyagio likazama mpaka chini. Akarudisha gia, akavuta breki ya mkono, akaielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Upande wa pili ulikuwa korongo. "Mama yenu nilimwambia bomba limepasuka," akasema. "Nanyi mkaambiwa hivyo hivyo."

Dada yetu akamwuliza kama Mama anajua. Hakujua.

Siku 4 hapana aliyeigusa Landrova. Hatukukubaliana sisi kwa sisi. Kaka yetu aliona jambo la miaka 40 halichimbuliwi, tena mzee wa miaka 84 asivunjiwe heshima. Dada yetu alisema kwamba hawezi kumpandisha Mama katika gari lile hali yeye anajua na Mama hajui, na kama ni hivyo afadhali lirudi chini ya mwembe. Yule mkulima alinyamaza, na leo anasema alikuwa upande wa dada yake lakini aliogopa. Mwishowe Baba mwenyewe aliingia ndani jioni moja akamweleza. Mama alikasirika, na alikuwa na haki. Kuhusu mkono alisema mkono ni mkono. Lililomwumiza ni kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akiwaeleza watu habari za bomba. Alikwenda Korogwe kwa mdogo wake, akakaa siku 8.

Hatuyaandiki haya kwa siri. Wote wawili wamesomewa makala hii kabla ya kupelekwa kwa mhariri. Mama alisahihisha jambo moja: tulikuwa tumeandika magunia 6, naye akasema yalikuwa 4, na mawili kati yake yalikuwa yake.

Alipokuwa Korogwe tulifanya kazi yote ya breki. Vikombe vipya tulivipata Dar es Salaam, kwa maana aina hii ya gari ina wapenzi wengi duniani na vipuri vyake vingali vinatengenezwa. Mabomba yote tuliyabadilisha, maana penye mafuta ya injini haitoshi kuosha. Mafuta mapya ya breki tulinunua chupa zilizofungwa, kwa sababu mafuta haya hunywa unyevu wa hewani. Yakikaa miaka, maji yaliyomo huchemka kwa joto la mteremko, mvuke hujaa katika mabomba, na kanyagio huzama vilevile hata kama hukutia mafuta ya injini. Yabadilisheni kila baada ya miaka 2. Katika kutoa hewa tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mmoja akikanyaga, mmoja akifungua na kufunga, na Baba akihesabu.

Injini ilikuwa kazi nyepesi baada ya hayo. Tangi tulilisafisha kwa kokoto na mnyororo, kabureta tuliichemsha, platini tukazipiga msasa, nyumba ya nyigu tukaitoa katika bomba la moshi. Nafasi za valvu Baba alizikumbuka bila kitabu: sehemu 10 kati ya 1,000 za inchi, zote 8. Mfuatano wa kuwaka ni 1-3-4-2, ukihesabu kutoka kwenye rejeta. Iliwaka mara ya sita, ikafukiza kuku wote wa jirani, ikazima, ikawaka tena.

Mama alirudi siku ya Jumamosi. Aliikuta Landrova uani, mawe yako kwenye magurudumu. Hakusalimu kwanza. Alimwambia Baba afungue boneti, naye Baba akafungua. Akamwambia amwonyeshe mahali mafuta ya breki yanapotiwa. Baba akafungua kifuniko cha kile kikopo, na dada yetu akaleta chupa. Mama akavaa miwani, akasoma karatasi ya chupa neno kwa neno, akachovya kidole katika kikopo, akanusa, akapangusa kwa kanga.

Kisha akazunguka upande wa kushoto na kungoja afunguliwe mlango. Kaka yetu alishika usukani, Baba akakaa katikati, na Mama dirishani. Tukaondoa mawe. Kutoka uani mpaka barabara kuu pana mteremko mdogo, kama hatua 60, na mteremko wote ule Baba hakutoa mkono wake kwenye breki ya mkono.