Misaada ya Nje katika Nishati Jadidifu: Inamfikiaje Mwananchi?

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili, mtahiniwa uweze:
(a) kutofautisha aina za misaada ya nje katika sekta ya nishati;
(b) kueleza manufaa na madhara ya misaada hiyo kwa mwananchi wa kawaida, kwa mifano ya kweli;
(c) kuandika insha ya hoja yenye msimamo unaoeleweka.

1. UTANGULIZI

Kata ya Ruanda iko katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma. Katika kata hiyo, kijiji cha Ntunduwaro, ndiko ulipo mgodi wa makaa ya mawe wa Ngaka. Mgodi huo uliendelezwa na kampuni ya TANCOAL, ambayo Serikali ilikuwa na hisa ndani yake kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC). Malori hupakia makaa na kuyapeleka kwenye viwanda vya saruji na kwenye bandari ya Mtwara kwa ajili ya kuuzwa nje. Kwa miaka mingi umezungumzwa mpango wa kujenga mtambo wa umeme hapo hapo Ngaka, lakini hadi somo hili linaandikwa mtambo huo haujajengwa.

Duniani kote fedha za miradi ya umeme wa makaa ya mawe zimekuwa ngumu kupatikana. Benki ya Dunia ilijiwekea mipaka ya kuifadhili mwaka 2013, na mwaka 2021 China nayo ilitangaza kwamba haitajenga tena mitambo mipya ya makaa nje ya nchi yake. Sababu kubwa ni hewa ya ukaa inayochangia mabadiliko ya tabianchi. Wafadhili wanaelekeza fedha zao kwenye nishati jadidifu, yaani nishati isiyokwisha kwa kutumiwa: maji, jua, upepo na jotoardhi.

Mtu wa Ruanda ana haki ya kuuliza: “Makaa tunayo chini ya miguu yetu, kwa nini tusubiri umeme wa maji uliolipiwa na Mzungu?” Swali hili ni zito na halijibiwi kwa neno moja. Somo hili litakusaidia kulijibu kwa hoja.

2. AINA ZA MISAADA

Wanafunzi wengi hutumia neno “msaada” kwa kila fedha inayotoka nje. Hilo ni kosa. Tofautisha haya:

(i) Ruzuku: fedha ambazo hazirudishwi.
(ii) Mkopo wa masharti nafuu: fedha zinazorudishwa kwa riba ndogo na kwa muda mrefu. Huu ni deni la Taifa, na atakayelilipa ni pamoja na wewe unayesoma kitabu hiki.
(iii) Msaada wa kiufundi: wataalamu, mafunzo, vifaa na upembuzi yakinifu.

Unapotaja mradi wowote, jiulize maswali matatu: Fedha ni za aina gani? Zimeishia wapi: kwenye mtambo, kwenye nguzo au kwenye nyumba ya mwananchi? Na nani anabaki na gharama mfadhili akishaondoka? Maswali haya ndiyo uti wa mgongo wa insha yako.

3. MANUFAA KWA MWANANCHI

3.1 Kuachana na jenereta za dizeli

Kwa muda mrefu miji ya Songea na Mbinga haikuwa kwenye gridi ya Taifa. Ilitegemea jenereta za dizeli, ambazo ni ghali kuendesha, na mafuta yakichelewa mji mzima unakaa gizani. Serikali ya Tanzania kwa kushirikiana na Sweden ilijenga njia ya kusafirisha umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, na mwaka 2018 Ruvuma ikaunganishwa na gridi. Sehemu kubwa ya umeme wa gridi hiyo hutokana na maji, pamoja na gesi asilia.

Angalia athari zake. Fundi wa kuchomelea vyuma anafanya kazi mchana kutwa. Mwenye mashine ya kusaga anapunguza gharama za mafuta. Mvuvi wa Mbamba Bay mwenye jokofu halazimiki kuuza samaki wake wote kwa bei ya kutupa siku ile ile.

3.2 Miradi midogo inayomilikiwa na wenyeji

Ng'ambo ya milima yetu, wilayani Ludewa, mradi wa Mawengi ulijengwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na shirika la Kiitaliano la ACRA. Umeme wa maji unaozalishwa pale husimamiwa na jumuiya ya watumiaji iitwayo LUMAMA, jina linalotokana na Lupande, Mawengi na Madunda. Hapa mwananchi ni mteja na pia ni msimamizi.

Ruvuma nako wapo wazalishaji wadogo. Masista Wabenedikti wa Chipole wana mtambo wa Tulila katika mto Ruvuma, wa megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015 na kuiuzia TANESCO umeme.

3.3 Gharama ndogo ya kuunganishiwa

Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kupitia miradi yake, ambayo baadhi imesaidiwa na Benki ya Dunia, Norway, Sweden na Umoja wa Ulaya, mwananchi wa kijijini huunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000. Asiye na uwezo wa kutandaza nyaya nyumba nzima anaweza kutumia kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari.

4. MADHARA NA MIPAKA YA MISAADA

4.1 Mfadhili anaweza kuondoka

Mwaka 2008 Tanzania ilisaini na Marekani mkataba wa Changamoto za Milenia (MCC) wa dola milioni 698. Sehemu yake ilikwenda kwenye umeme, ikiwamo kebo ya chini ya bahari kwenda Unguja. Mkataba wa pili wa takriban dola milioni 472, uliolenga zaidi umeme, ulisimamishwa Machi 2016. Sababu zilizotolewa ni uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwanakijiji aliyekuwa akisubiri nguzo hakuitunga sheria ile, wala hakusimamia uchaguzi ule, lakini athari ilimfikia.

4.2 Anayelipa ndiye huchagua

Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni nishati jadidifu. Hata hivyo, wahifadhi wengi wa nje waliupinga mradi huo kwa sababu uko ndani ya eneo la Selous, ambalo ni urithi wa dunia. Serikali iliamua kuujenga kwa fedha za ndani, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha mwaka 2024. Funzo ni kwamba ukitegemea mfuko wa mwenzio, mipango yako itapitia kwanza kwenye vipaumbele vyake.

4.3 Mazingira na watu wa eneo la mradi

Nishati jadidifu si lazima iwe haina madhara. Mtambo wa Kihansi, wenye megawati 180, ulijengwa miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia, Norway, Sweden na Ujerumani. Maji mengi ya mto yalipochepushwa, mnyunyizo wa maporomoko ulipungua, na chura wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 na asiyepatikana kwingine duniani, akatoweka porini. Alihifadhiwa Marekani na kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Kutunza makazi ya chura huyo ni gharama ambayo haikuwamo kwenye hesabu za mwanzo.

4.4 Umeme umefika, jiko halijabadilika

Hili ndilo linalosahauliwa zaidi na watahiniwa. Fedha nyingi za nje huishia kwenye mitambo na njia za umeme. Jikoni, familia nyingi za vijijini bado zinapika kwa kuni. Taa inawaka sebuleni, lakini mama bado anabeba mzigo wa kuni kichwani, na moshi bado unaingia kifuani mwake. Ndiyo maana mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034.

5. MWANANCHI NAYE ANACHANGIA

Usiandike kana kwamba umeme wa vijijini umejengwa na wageni peke yao. Chukua risiti ya LUKU nyumbani kwenu uisome. Utaona asilimia 3 ya REA. Ukinunua umeme wa shilingi 10,000, bila kukatwa kodi ya jengo, takriban shilingi 246 zinakwenda REA. Anayenunua umeme Songea mjini anachangia nguzo ya Ruanda, na tozo ya mafuta inachangia pia. Mtahiniwa anayetumia hoja hii huonyesha kwamba anaelewa jambo, hakukariri.

6. MAKOSA YA KAWAIDA

• Kuorodhesha hoja bila kuzieleza. “Misaada huleta maendeleo” haijawa hoja mpaka useme ni maendeleo gani, kwa nani na kwa njia gani.
• Kukosa msimamo. Swali likisema “jadili”, onyesha pande zote mbili, kisha hitimisha kwa kusema upande upi una uzito na kwa nini.
• Kutaja nchi na taasisi bila mradi. Andika mradi, mahali na mwaka.
• Kudhani kila mradi wa umeme ni jadidifu. Gesi asilia na makaa ya mawe si nishati jadidifu.

7. MFANO WA AYA YA HOJA

Swali: “Misaada ya nje katika nishati jadidifu ina manufaa kuliko madhara kwa Mtanzania wa kijijini.” Jadili.

Hoja mojawapo inaweza kuandikwa hivi:

“Misaada ya nje hupunguza gharama za nishati kwa wananchi. Kwa mfano, kabla ya mwaka 2018 miji ya Mkoa wa Ruvuma ilitegemea jenereta za dizeli. Baada ya njia ya umeme ya Makambako hadi Songea kukamilika kwa ushirikiano wa Tanzania na Sweden, mkoa uliingia kwenye gridi ya Taifa, na wenye viwanda vidogo wakapata umeme wa uhakika zaidi. Hata hivyo, manufaa haya humfikia yule tu mwenye uwezo wa kununua vifaa vya umeme. Kwa hiyo msaada wa nguzo unapaswa kuendana na mikopo midogo kwa wananchi.”

Angalia mpangilio: kauli, mfano, maelezo, mpaka wa hoja, pendekezo. Aya tano au sita za namna hii, pamoja na utangulizi na hitimisho, zinatosha kukupa insha nzuri.

8. HITIMISHO

Turudi kwa mtu wa Ruanda na swali lake. Jibu la haki ni kwamba msaada wa nje umemletea njia ya umeme ambayo pengine angeisubiri kwa miaka mingi, na umemwepusha na baadhi ya moshi. Lakini msaada haujamwamulia makaa yake yatumikeje, na haujazima moto wa kuni jikoni kwake. Maamuzi hayo yanabaki kwetu. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Msaada upokelewe, na hesabu yake tuijue.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya ruzuku na mkopo wa masharti nafuu. Toa athari moja ya kila kimoja kwa mwananchi.
2. Kwa kutumia mfano wa Mawengi, fafanua faida mbili za wananchi kusimamia mradi wao wa umeme.
3. Kusimamishwa kwa mkataba wa pili wa MCC mwaka 2016 kunatufundisha nini kuhusu utegemezi?
4. “Nishati jadidifu haina madhara kwa mazingira.” Kanusha kauli hii kwa kutumia mfano wa Kihansi.
5. Chunguza nyumba tatu za jirani: zinapikia nini na zinatumia umeme kwa kazi gani? Andika aya moja ya hoja kutokana na ulichokiona.
6. Wanakijiji wa Ruanda wanakutana kujadili kama makaa ya mawe ya Ngaka yatumike kuzalisha umeme. Andika hotuba utakayoitoa katika mkutano huo.