Utando mweupe ndani ya kinywa cha mtoto

Baba na mama, leo tazameni vizuri kinywa cha mtoto wenu. Mkiona vitu vyeupe juu ya ulimi na ndani ya mashavu, panguseni polepole kwa kitambaa safi. Maziwa yanatoka mara moja. Visipotoka, ama mahali hapo pakitoa damu, hiyo ni kuvu, ndugu ya ile inayoota juu ya mkate uliolala. Msisugue tena, wala kwa chumvi wala kwa makaa. Mpelekeni dispensere.

Kuvu hiyo inaitwa kandida. Inaishi kinywani na tumboni mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru. Ni kama maji ya mgodi: yapo siku zote, pompe zinayazuia. Wanaojua Kipushi wanakumbuka mwaka 2011, pompe ziliposhindwa, maji yalivyopanda. Pompe za mtoto ni kinga ya mwili wake. Kwashiorkor, surua na virusi vya SIDA vinaipunguza. Na sisi wenyewe tunaipunguza kwa vidonge vya deksametazoni, vinavyonunuliwa sokoni ili mtu anenepe. Mashavu yanajaa, majirani wanasifu, kinga inashuka. Antibiotiki nazo haziui kuvu. Zinaua vijidudu vilivyokuwa vinaibana.

Kwa mtoto wa majuma ya kwanza, utando huu ni jambo la kawaida, na matone ya nistatini yanauondoa. Lakini ukirudi-rudi kwa mtoto mkubwa, kuna sababu chini yake. Akikataa bukari na kulia anapomeza, huenda kuvu imeshuka katika njia ya chakula. Hapo nistatini haitoshi, maana haiingii damuni. Munganga atatoa flukonazoli, siku 14 hadi 21. Baada ya siku chache mtoto anakula tena, na wazazi wanataka kuweka dawa iliyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Hapana, amalize! Kuvu ikiingia damuni inaweza kufika figo, macho na ubongo. Homa isiyosikia dawa, kutapika, shingo ngumu: lupitalo usiku huo huo.

Munganga akiomba kupima SIDA, baba asikasirike, wala asimhukumu mama nyumbani. Kwa mtoto chini ya miezi 18, kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha kinga aliyopewa na mama tu. Ulizeni kile kingine.

Mwende na dawa zote alizomeza, hata za sokoni. Kama ni deksametazoni ya majuma mengi, msiikate ghafla, ni hatari: munganga ataipunguza polepole.