Mvua ya Kidichi Si Mvua ya Darajani

Wanafunzi wenzangu, katika somo la jiografia tulifundishwa kuwa Unguja ina majira manne: kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Tuliyaandika madaftarini, tukayahifadhi, na katika mtihani tukapata alama zetu. Illa hatukuambiwa, au pengine tuliambiwa nasi hatukusikiliza, kwamba majira hayo hayamfikii kila mtu kwa namna moja. Mimi nilizaliwa Darajani, nikakulia Darajani, na tulipohamia shamba kwa ami yangu, upande wa Kidichi, nilidhani kuwa hali ya hewa niliyoizoea nimekuja nayo pamoja na mkeka wangu. Kosa hilo liligharimu karafuu za siku tatu.

Ilikuwa vuli. Ami alikwenda mjini kwa shughuli zake, akaniacha niangalie karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi. Karafuu hutaka siku nne au tano za jua zuri. Zikirowa kabla hazijakauka huvunda, rangi yake hufifia, na bei hushuka. Saa nane mchana nilitazama upande wa bahari, kama tulivyozoea watu wa mjini. Mbingu imetakata, na maji ya Bububu yanang'aa. Basi nikaingia ndani kusoma. Haukupita muda mrefu mvua ikashuka kutoka nyuma ya nyumba, yaani upande wa katikati ya kisiwa. Nilitoka mbio, jirani mmoja akaja kunisaidia, tukaanua tulichoweza. Zilizobaki zilielea. Jioni ami akarudi, kanzu yake kavu kabisa, kwani Darajani halikuanguka hata tone. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, huku hatutazami pwani."

Maneno hayo yalinikaa rohoni, na niliporudi skuli nikamwendea mwalimu wetu anieleze. Sababu yake ni hii. Mchana jua hupasha moto nchi kavu upesi kuliko bahari. Hewa ya juu ya nchi huwa nyepesi, hupanda, na upepo wa baharini huingia kujaza nafasi yake. Sasa Unguja ni kisiwa chembamba, urefu wake ni kama kilomita 85 na upana wake kama 39 tu. Upepo huingia kutoka magharibi na kutoka mashariki pia, na pepo hizo mbili zikikutana katikati hazina pa kwenda illa juu. Hewa yenye unyevu ikipanda hupoa, ikipoa hufanya mawingu, na mawingu yakilemewa hunyesha. Ndiyo maana wakati wa vuli mvua nyingi za alasiri huzaliwa juu ya mashamba, na mtu aliyeko pwani huziona kwa mbali tu.

Tena viko vilima. Msifikiri nasema milima! Uti wa Masingini na Kidichi, ulio miongoni mwa sehemu za juu kabisa za Unguja, haufiki mita 130. Wenzetu wa Lushoto, walioko kama mita 1,400 juu ya bahari, wangecheka. Joto hupungua zaidi kidogo ya nusu digrii kwa kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo kwa urefu peke yake Kidichi isingekuwa baridi kuliko Darajani hata kwa digrii moja. Mimi nilipopiga hesabu hiyo nilidhani nimegundua kuwa watu wa shamba hujidekeza.

Lakini hesabu yangu ilisahau mambo mengine. Mji wetu wa mawe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, vichochoro vyembamba. Kuta hizo hunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Na Darajani yenyewe ni bonde. Zamani palikuwa na mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo, ndipo likajengwa daraja lililopapa jina, na baadaye mkono huo ukafukiwa. Bahari nayo, ambayo haipoi upesi, huuzunguka mji kama birika la maji ya moto. Shamba hakuna ukuta wala birika. Jua likichwa, ardhi na majani hutoa joto lake juu angani, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteleza polepole mpaka mabondeni. Alfajiri ya kipupwe ukisimama ubavuni mwa kilima utaona ukungu umelala juu ya mpunga, na wewe ulipo pamekauka. Ukiteremka hatua mia mbili, kanzu hurowa umande mpaka magotini. Wazee hawakujenga mabondeni, nami nilidhani ni kwa kuogopa mafuriko tu.

Ukienda mashariki mambo hugeuka tena. Uwanda wa Makunduchi na Paje hupata mvua haba kuliko upande wa magharibi, na hata hiyo inayopatikana hupenya upesi katika mawe. Huko hapana mikarafuu. Watu hupanda mtama, kunde na tungule katikati ya miamba. Na tufani kubwa ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba, jirani yetu, iliponea chupuchupu.

Kwa anayependa kujaribu: nilichukua makopo mawili ya maziwa yaliyo sawa, moja nikaliweka kwa ami, la pili juu ya dari ya shangazi Darajani, mbali na michirizi ya mapaa. Kila asubuhi tulipima maji kwa rula. Kulikuwa na siku ambapo kopo la shamba lilikuwa na maji ya vidole viwili, na la mjini lina vumbi. Siku nyingine, hasa katika masika, yalikaribiana, kwa kuwa mvua ya masika ni kubwa na hufunika kisiwa chote. Mara moja la mjini lilishinda, na shangazi alifurahi kana kwamba ameinyesha yeye.

Ami sasa hutandika majamvi karibu na mlango, na mimi hukaa nimeelekea mashariki. Mwezi wa Julai tulishuka Darajani kununua mablanketi matatu. Mwenye duka, jasho likimtiririka, aliuliza kama tunasafiri Ulaya. Nikamwambia la, tunarudi Kidichi.