Kufuta patisheni ya kiwandani kwenye laptopu ya mtumba

Laptopu nyingi ninazoletewa hapa Karatu ni za mtumba kutoka Ulaya, na wenye nazo ni madereva wanaoongoza watalii. Mtu ameshinda kreta ya Ngorongoro na wageni, anarudi na kadi ya kamera imejaa faru na simba, kumbe diski ni ya GB 128 na C imeshakuwa nyekundu. Ukichungulia unakuta GB 15 hivi zimekaliwa na patisheni ya kiwandani, yenye Windows 8 ya Kijerumani ambayo hakuna atakayeirudisha. Hiyo ndiyo ya kuondoa.

Kwanza picha. Zihamishie kwenye diski ya nje, ufungue chache hukohuko uhakikishe zimefika. Chaji betri ijae; umeme wetu wakati wa masika mnaujua.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, fungua Disk Management, utaona patisheni zimepangwa. Ile ya EFI, ya MB 100 hivi, usiiguse: bila hiyo Windows haiwaki. Kwenye mashine za zamani za MBR kazi hiyo hufanywa na System Reserved, nayo iache. Watu huziona ndogo wakadhani zimesahaulika tu. Hata hivyo, MB 100 zitabeba picha ngapi za RAW? Tatu, nne.

Zinazobaki zimeandikwa Recovery, na mara nyingi ni mbili: ile kubwa ya kiwandani, na ya Windows yenyewe, ambayo kwa kawaida haifiki GB 1. Hapa usikisie. Fungua CMD kwa haki za msimamizi, andika reagentc /info. Mstari wa Windows RE location utaonyesha kitu kama harddisk0\partition4. Yenye namba hiyo inatumika, isalimike.

Disk Management yenyewe haitakubali kuifuta ile nyingine. Ukiibofya kulia hupati chaguo la kufuta. Rudi CMD, andika diskpart, halafu moja moja:

list disk
select disk 0
list partition
select partition 5
delete partition override

Hizo 0 na 5 ni mfano, weka za kwako. Linganisha ukubwa na ulichokiona mwanzo kabla ya kubonyeza Enter ya mwisho, maana diskpart haina habari ya kukuuliza kama una uhakika.

Sasa bofya C kulia, chagua Extend Volume. Ikiwa imefifia, nafasi uliyoipata haiko mara tu baada ya C. GParted inaweza kusogeza patisheni iliyo katikati, lakini kusogeza huweza kuchukua saa kadhaa, na laptopu ikizimika katikati ya kazi data inaweza kupotea yote. Kwa Karatu sishauri. Mimi hutengeneza D kwenye nafasi hiyohiyo, kwa NTFS, na picha za kreta zinashukia huko.