Karo ya Chuo: Deni la Baba au la Mwana?

Hapa Mkiwa, pale njia itokayo Itigi inapokutana na njia kuu iendayo Singida, lililetwa shauri mbele ya wazee wa usharika, nasi twaona yafaa wainjilisti walizungumze na watu wao kabla vyuo havijafunguliwa. Mzee mmoja aliuza maksai wake wanne wa kulimia ili mwanawe asome chuo kikuu. Mwana akahitimu, akaajiriwa kuwa mwalimu. Baba akangoja mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na fedha alizoletewa zilikuwa chache. Akasema amedhulumiwa. Mwana naye akajibu kwa machozi kwamba mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi.

Wote wawili walisema kweli. Mwana alikopa serikalini, na baba aliuza ng'ombe. Kila mmoja alijihesabu kuwa ndiye mlipaji, wala hawakuwahi kuambiana hesabu zao.

Swali hili si jipya katika nchi yetu. Baada ya Uhuru serikali iliwalipia wanafunzi wa chuo kikuu, maana wasomi walikuwa haba mno, lakini nchi ilitaka kurudishiwa kitu. Mwaka 1966 ilipangwa wahitimu watumike katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kwa miezi 18 wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana mwezi wa Oktoba. Mwalimu Nyerere aliwafukuza zaidi ya 300, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Twaona basi kwamba hata chuo kilichoitwa cha bure kilikuwa na mlipaji, naye ni mkulima wa pamba na wa kahawa, ambaye pengine mwanawe hakufika hata darasa la nne.

Siku hizi iko Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Si kila mwombaji apewaye yote aombayo. Wengine hupata sehemu, na iliyobaki huangukia nyumbani. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake. Tuhesabu pamoja: tuseme mshahara ni shilingi 700,000, basi 105,000 zaenda kila mwezi kulipa mkopo, na bado kodi, bima ya afya na akiba ya uzeeni. Ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliondolewa mwaka 2021, na hilo ni jambo jema. Lakini deni lenyewe halikuondolewa. Mzazi asiyejua hesabu hii atamwona mwanawe kuwa mchoyo.

Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 12:14, aweka kazi ya kuweka akiba juu ya wazazi. Katika 1 Timotheo 5:4 wana wafundishwa kuwarudishia wazazi wao fadhila. Tumeona baba ajuaye sana aya ya pili, na kijana ajuaye ya kwanza tu.

Sisi twaona hivi. Mkopo ni wa mwana, kwa kuwa ndiye atakayepokea mshahara wa elimu ile, naye aulipe pasipo kunung'unika. Mzazi atoe awezacho, lakini akitoacho kiitwe zawadi tangu siku ya kwanza. Na kama ni mkopo, aseme ni mkopo, na kiasi chake kiandikwe. Mara nyingi mzazi ndiye atiaye sahihi kuwa mdhamini, na wengi hutia pasipo kusomewa. Kabla ya sahihi hiyo, baba, mama na kijana waketi pamoja, waandike kwenye karatasi moja Bodi itatoa nini na nyumba itatoa nini.

Tena mzazi asiuze kile kinachowalisha waliobaki. Maksai wa kulimia si akiba. Ni mikono ya nyumba. Yule mzee alipowauza, shamba la alizeti lilirudia jembe la mkono, na binti yake mdogo, aliyefaulu kwenda kidato cha kwanza, akabakizwa nyumbani kulima. Karo ya shule za serikali ilikwisha kufutwa tangu mwaka 2016, lakini jembe lilitaka mtu. Siku ile ya shauri yeye hakuitwa. Alikuwa nje akiwapikia wazee chai, mpaka mama mmoja wa baraza alipouliza ni nani hasa aliyelipa.

Baba alinyamaza kitambo kirefu. Kisha mwana alitoa karatasi ya mshahara mfukoni, akaisoma kwa sauti mstari kwa mstari. Walipatana kwamba baba hatadai fedha za kila mwezi, na mwana atamlipia dada yake chuo cha ufundi mjini Singida. Yule binti aliitwa ndani, akaulizwa ataka kujifunza kazi gani. Akaomba apewe siku mbili za kufikiri.