Kuuliza nako kuna adabu zake

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratun-Nahl (16:43) anatuamuru tuwaulize wenye kujua. Wengi wetu tunaishia hapo, tukisahau kuwa kuuliza nako kuna adabu zake.

Mwaka jana nilimpigia simu kijana fundi wa kompyuta: "Mashine ya madrasa imekufa, njoo." Akafunga kibanda chake, akapanda daladala mbili. Alipofika akakuta kompyuta ni nzima. Waya wa printa ndio uliochomoka. Kioo kilikuwa kimeandika kuwa printa haionekani, nami nikayafuta maandishi yale bila kuyasoma. Hakudai kitu, alisema ni fisabilillah. Lakini nusu siku ya riziki ya wanawe niliipoteza mimi.

Jibril (a.s.) alipomjia Mtume (s.a.w.), kama alivyosimulia Umar (r.a.) katika Sahih Muslim, aliuliza jambo moja moja: Uislamu, kisha imani, kisha ihsani, kisha Kiyama. Baadaye Mtume akawajulisha Maswahaba kuwa yule alikuja kuwafundisha dini yao. Muulizaji akawa mwalimu!

Basi ndugu Muislamu, unapomwita fundi, mweleze ulikuwa ukifanya nini, kioo kimeandika nini neno kwa neno, tatizo lilianza lini na umeshajaribu nini. Kama umeharibu wewe, usifiche. Likitengemaa, mpe taarifa na umuombee dua. Wakati wa anayekusaidia ni amana mikononi mwako.