Kutambua Mpira wa Pori kwa Ua na Tunda

Wakulima na wanafunzi, tazameni vizuri. Katika pori la Bukama iko mimea miwili ya kutambaa inayofanana. Wa kwanza ni mpira wa pori (Landolphia), uliokamuliwa sana siku za Leopold II, 1885–1908. Tunda lake huliwa. Wa pili ni Strophanthus, wenye sumu ya mishale. Sumu hiyo husimamisha moyo.

Majani ya yote miwili hukaa mawili mawili, tena ukikata ganda utomvu hutoka. Basi msiamini majani wala utomvu.

1. Ua. La mpira ni dogo, jeupe au la manjano kidogo, lenye harufu nzuri. La Strophanthus ni kubwa, kama kengele. Mdomoni mwake mna vijilimi 10.

2. Tunda. La mpira ni la mviringo kama chungwa. Ndani mna nyama chachu iliyoshika mbegu. La Strophanthus ni maganda mawili marefu yaliyoungana kwenye kikonyo. Yakikauka hupasuka, na mbegu zenye manyoya hupeperuka.

Mmea usio na ua wala tunda, msiuonje. Ngojeni uzae. Wafundisheni watoto hivyo kabla hawajaingia porini.